Adhabu ya mtoto huharibika kabla ya siku ya hukumu

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa kurekebisha adhabu za watoto wanaokinzana na sheria, watu huanza kuvutana kwa idadi ya miaka. Huyu anataka mtoto aliyeua afungwe miaka 10, yule anataka 20, wa tatu anataka apewe sawasawa na mtu mzima ili iwe fundisho kwa wengine. Wabunge wakiguswa na kelele hizo, hubadilisha tarakimu katika kifungu kimoja na shughuli inaishia hapo. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kwamba tarakimu hiyo ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kwa kiasi kikubwa, adhabu ya mtoto huwa imekwisha kuamuliwa kabla hakimu hajafungua kinywa. Imeamuliwa na umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka, na siku alizokaa mahabusu, na ripoti ya kurasa mbili ambayo hakimu anaisoma asubuhi ileile ya hukumu. Sheria ikirekebishwa bila kugusa mambo hayo, watoto wataendelea kwenda kulekule walikokuwa wakienda.

Nianze na umri, maana hapo ndipo mashauri mengi yanapoharibika mapema. Kijana anakamatwa usiku. Askari anamuuliza ana miaka mingapi, naye anajibu, “Kumi na tisa.” Watu hushangaa kwa nini mtoto ajiongezee umri, lakini sababu zipo. Anaogopa mzazi ataitwa kituoni. Ameambiwa na wenzake kwamba mkubwa hulipa faini akaenda zake, ila mtoto hubakizwa kumsubiri afisa ustawi wa jamii. Wengine hawaujui umri wao kabisa. Na mara nyingine askari haulizi. Anatazama ndevu na kimo, anaandika. Namba hiyo inaingia kwenye maelezo ya mshtakiwa, inahamia kwenye hati ya mashtaka, kutoka hapo kwenye rejista ya mahakama, kisha kwenye hati ya kumpeleka mahabusu. Kila anayeipokea anainakili kutoka kwa mwenzake. Siku mtu anapokuja kuuliza, imeshaandikwa mahali panne na inaonekana kama ushahidi, kumbe chanzo chake ni jibu moja la mtoto mwenye hofu.

Kulizuia jambo hili hakuhitaji fedha nyingi. Siku ya kwanza, kabla mashtaka hayajasomwa, hakimu atoe uamuzi wa umri na auandike: ni miaka mingapi, na kwa ushahidi gani. Ushahidi wenyewe una ngazi zake. Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza, hasa kilichotolewa kabla ya kosa. Kilichotolewa wiki moja baada ya kukamatwa hakikataliwi, bali hutafutiwa kitu cha kukiunga mkono. Kadi ya kliniki ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tarehe za chanjo zinafuatana na muuguzi aliyeziandika hakuwa na sababu ya kudanganya. Vivyo hivyo rejista ya shule ya mwaka wa kwanza wa masomo. Baada ya hapo ndipo kije kiapo cha mzazi, na mzazi asiulizwe tu mtoto ana miaka mingapi. Aulizwe huyu ni wa ngapi kuzaliwa, aliyemtangulia alizaliwa lini, anayemfuata alizaliwa lini. Hesabu isipokaa sawa itajionyesha yenyewe.

Daktari awe wa mwisho. Eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono haisomi umri. Inaonyesha ukomavu wa mifupa, na ukomavu huo unalinganishwa na picha za rejea. Picha za rejea zinazotumika sana zilitokana na watoto waliofuatiliwa huko Cleveland, Marekani, kuanzia miaka ya 1930, watoto wa familia zenye nafasi na waliolishwa vizuri. Aliyekulia kwenye utapiamlo mifupa yake ina mwendo mwingine. Hata ndani ya kundi moja la watoto, tofauti ya mwaka mmoja hadi miwili, juu au chini, ni jambo la kawaida, na kwa wasichana mifupa hiyo inaweza kuwa imefunga kabla miaka 18 haijatimia. Kwa hiyo taarifa ya daktari inayosema “miaka 18” basi, haijakamilika. Ingepaswa kusema “kati ya 16 na 20”, na hapo hakimu amhesabu mshtakiwa kuwa mtoto, kwani Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maoni yake ya jumla namba 24 ya mwaka 2019, imeelekeza kwamba shaka ya umri imnufaishe mtoto.

Umri ukishajulikana linabaki swali ambalo waandishi wa sheria hulisahau: ni umri wa siku gani? Chukua kijana aliyetenda kosa akiwa na miaka 17 na miezi 2. Upelelezi unasuasua, shauri linatajwa na kuahirishwa, linatajwa na kuahirishwa, miezi 11 inapita. Siku ya hukumu ana miaka 18 na mwezi 1. Sheria inasema mtoto asifungwe gerezani. Je, huyu ni mtoto? Pale ambapo sheria imekaa kimya, hutokea moja kati ya mawili. Ama shule ya maadilisho, yaani taasisi ya kuwarekebisha watoto waliotiwa hatiani, inamkataa kwa sababu amepita umri, na gereza la wakubwa linampokea kwa kifungo kizima. Au hakimu anakosa amri yoyote halali ya kumpa, anamwachia bila uangalizi wala masharti, na aliyetendewa kosa anatoka mahakamani akiona sheria imemfanyia dhihaka. Matokeo hayo mawili yanatofautiana kama usiku na mchana, lakini chanzo chake ni kimoja: sentensi iliyokosekana kwenye sheria.

Uingereza, mwaka 2002, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba aliyevuka miaka 18 kabla ya kuhukumiwa aanzie kwenye adhabu ambayo yaelekea angepewa siku ile alipotenda kosa. Ujerumani wameenda mbali zaidi. Kule mwenye miaka 14 hadi 17 anashughulikiwa kwa sheria ya vijana, na mwenye 18 hadi 20 anaweza kushughulikiwa kwa sheria hiyohiyo iwapo ukomavu wake wakati wa kosa ulikuwa bado wa kijana. Kifungo cha vijana huanzia miezi 6 na kwa kawaida hakizidi miaka 10. Ni kwa mauaji mazito tu, kwa hao wa 18 hadi 20, ndipo kinaweza kufika 15. Kwa namna hiyo ukuta wa miaka 18 umegeuzwa kuwa mteremko. Anayetaka kuandika kifungu kinachofanya kazi anahitaji sentensi mbili. Ya kwanza iseme kwamba umri unaohesabiwa kwa adhabu ni ule wa siku kosa lilipotendwa, hata kama hukumu imetoka baadaye. Ya pili iseme atatumikia wapi kuanzia miaka 18, mathalani kwenye kitengo cha vijana hadi 21. Ya kwanza bila ya pili haina faida, maana gari la mahabusu litampeleka kwenye lango linalofunguka.

Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilipiga marufuku kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na chini ya 14 mtoto anachukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo. Ni hatua kubwa. Lakini katazo la kifungo haliwezi kumsaidia mtoto ambaye karatasi zake zinasema ana miaka 19, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye umri.

Sasa mahabusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 37, unasema kumzuilia mtoto kuwe ni hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Kwa vitendo, mtoto huzuiliwa kwa sababu hakutokea mdhamini. Hatari yake kwa jamii haikupimwa. Mzazi hakuwa na barua, au hakuwa na kitambulisho, au hakujua shauri linatajwa leo. Miezi 4 baadaye anapatikana na hatia ya wizi ambao adhabu yake stahiki ingekuwa uangalizi nyumbani. Hapo hakimu anajikuta kwenye mtego. Akitoa amri ya uangalizi, ile miezi 4 itaonekana ilikuwa uonevu. Akitoa amri ya kumzuilia, siku zile zinapata uhalali. Si mahakimu wengi watakaokiri kwamba wanafikiri hivi, lakini msukumo huo upo. Kuna na upande wa pili: mtoto aliyechoka mahabusu hukiri kosa ambalo hakulitenda kwa sababu ameambiwa akikiri anarudi nyumbani Ijumaa. Kukiri huko hakufutiki. Kosa la pili likija, anasomewa kama mkosaji wa zamani.

Maoni yale ya mwaka 2019 ya Kamati ya Haki za Mtoto yameweka vipimo: aliyezuiliwa ashtakiwe rasmi ndani ya siku 30, na uamuzi wa mwisho utoke ndani ya miezi 6 tangu siku alipozuiliwa, ukishindikana, aachiwe. Kipimo bila kengele hakisikiki, hivyo sheria iseme kwamba amri ya kumzuilia mtoto inakufa yenyewe baada ya siku 14 isipofanywa upya kwa sababu zilizoandikwa. Mzigo uwe wa anayetaka azidi kuzuiliwa. “Upelelezi haujakamilika” isikubalike kuwa sababu peke yake. Iandikwe ni kielelezo gani kinasubiriwa, kutoka wapi, na kitafika lini.

Halafu siku zihesabiwe. Mtoto aliyepewa miezi 18 naye amekaa mahabusu miezi 5, amebakiwa na 13. Jambo hili linaonekana dogo mno, ila ndilo linalopotea mara nyingi, kwa sababu ya namna karatasi zinavyosafiri. Mkuu wa gereza au wa shule ya maadilisho hasomi hukumu. Hukumu inabaki kwenye jalada mahakamani. Anachopokea yeye ni hati ya ukurasa mmoja yenye jina, kosa, muda na mhuri. Hakimu anaweza kuwa ametamka mbele ya watu wote kwamba siku za mahabusu zihesabiwe; karani asipoandika kwenye hati, hazikuhesabiwa. Afrika Kusini imelifanya kuwa sharti la kisheria, katika sheria yao ya haki kwa watoto ya mwaka 2008: mahakama inayotoa kifungo lazima izingatie siku ambazo mtoto alishazuiliwa kabla ya adhabu.

Nije kwenye ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Kanuni za Beijing za mwaka 1985, ambazo ni kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu haki kwa watoto wanaokinzana na sheria, kanuni ya 16, zinataka uchunguzi wa mazingira ya mtoto ufanyike kabla ya adhabu, isipokuwa kwa makosa madogo. Karibu kila nchi imeiga sharti hilo. Tatizo liko kwenye kinacholetwa. Ripoti mbaya inatambulika kwa mbali: “Mtoto anatoka familia duni. Wazazi wametengana. Anafuata makundi mabaya. Napendekeza apelekwe shule ya maadilisho.” Tazama kilichofanyika hapo. Umaskini wa mzazi, ambao si kosa la mtoto wala si kosa la mtu yeyote, umegeuzwa kuwa sababu ya kumfungia. Mtoto wa mwenye nacho aliyetenda kosa lilelile angepata ripoti isemayo “familia ina uwezo wa kumsimamia” na angelala kwao.

Ripoti inayofaa hujibu maswali ya kazi. Nani yuko nyumbani saa za jioni, na ni nani kati yao mtoto anamsikiliza? Shule itampokea tena, na ni mwalimu gani aliyesema hivyo, tarehe gani? Aliyetendewa kosa amepata hasara ya kiasi gani na anataka nini? Mara nyingi, ajabu, hataki kifungo; anataka vitu vyake na kuombwa radhi. Mtoto ana tatizo la kusikia, la kifafa, la kunusa gundi? Siku ya kosa walikuwa wangapi, nani alianzisha, na kati ya wazo na tendo zilipita dakika ngapi au siku ngapi? Swali hili la mwisho lina uzito wa kitaalamu. Utafiti wa ukuaji wa ubongo unaonyesha kwamba mtoto wa miaka 16, akiwa ametulia na peke yake, hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Akiwa na wenzake, akiwa na hasira au msisimko, uwezo wa kujizuia uko nyuma, na unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Mtoto aliyepanga kwa wiki mbili na mtoto aliyerusha jiwe kundi likishangilia si mashauri ya namna moja, hata kama jiwe liliua.

Mwisho wa ripoti pawe na mapendekezo mawili, si moja, na kila moja lieleze linahitaji nini ili lifanikiwe. Pendekezo moja tu humfanya hakimu kuwa mpiga mhuri.

Kwa nini ripoti nzuri ni chache? Anza na muda. Kazi hiyo inadai ziara tatu: nyumbani, shuleni na kwa aliyetendewa kosa. Afisa mmoja mwenye majalada mengi na asiye na usafiri anapewa taarifa siku ya kutiwa hatiani, anaambiwa alete ripoti wiki ijayo, basi anamhoji mtoto dakika 20 kwenye korido ya mahakama na kumpigia mzazi simu. Afrika Kusini sheria inampa afisa hadi wiki 6, na tathmini ya kwanza ya mtoto huanza mapema, kabla ya kikao cha awali ambacho kwa kawaida hufanyika ndani ya saa 48 tangu akamatwe. Kuanza mapema ni kuzuri, ila kuna hadhari: mtoto anayezungumza na afisa kabla ya kutiwa hatiani anaweza kukiri mambo. Sheria iseme wazi kwamba aliyoyasema kwa afisa hayatumiki kuthibitisha kosa. Bila kinga hiyo wakili yeyote makini atamwambia mtoto anyamaze, na ripoti itakuwa tupu.

Kuhusu adhabu yenyewe, kuna hatari ambayo watetezi wa watoto hatuipendi kuisema. Amri inayoitwa ya malezi inaweza kuwa kali kuliko kifungo. Mwaka 1964 huko Arizona, Marekani, mvulana wa miaka 15 alituhumiwa kumpigia jirani simu yenye maneno machafu. Alipelekwa kwenye taasisi ya vijana mpaka atakapofikisha miaka 21, yaani hadi miaka 6. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au jela isiyozidi miezi 2. Mahakama ya Juu ilitengua mwaka 1967, katika shauri la Gault, na ndipo watoto wa nchi ile walipotambuliwa kuwa na haki ya wakili na ya kujulishwa mashtaka. Nia ya hakimu wa kwanza huenda ilikuwa njema. Kwa hiyo amri yoyote inayomnyima mtoto uhuru, iitwe maadilisho, malezi au marekebisho, iwe na ukomo ulioandikwa, na ukomo huo usizidi ule ambao mtu mzima angepewa. Mwongozo wa adhabu wa Uingereza wa mwaka 2017 unashauri kwa wenye miaka 15 hadi 17 kifungo kiwe kati ya nusu na theluthi mbili ya kile cha mtu mzima, na chini ya hapo kwa wadogo zaidi. Ni kipimo chepesi kutumia na kinaacha nafasi ya busara.

Wanaotaka watoto wapelekwe mahakama za wakubwa “wakaonje” wanapaswa kujua kwamba jambo hilo limeshapimwa. Mapitio ya tafiti za Marekani yaliyotolewa mwaka 2007 na kituo cha taifa hilo cha kudhibiti magonjwa yalikuta kwamba vijana waliohamishiwa kwa wakubwa walikamatwa tena kwa takriban asilimia 34 zaidi ya wale waliobaki mahakama za watoto. Na ule mtindo wa kuwatembeza watoto magerezani ili wafungwa wawatishe, ulioanza kuvuma New Jersey miaka ya 1970, ulipopimwa kwa majaribio 9 ulionekana kuongeza uhalifu badala ya kuupunguza. Hata hivyo unarudi kila baada ya miaka michache, kwa jina jipya. Unapendwa kwa sababu unapendeza kwenye kamera.

Aliyetendewa kosa asiachwe nje. New Zealand tangu mwaka 1989, kwa makosa mengi, mahakama ya vijana haitoi amri kabla ya mkutano wa familia: mtoto, jamaa zake, polisi, aliyeumizwa ikiwa yuko tayari, na mratibu. Wanakubaliana mpango, na mahakama kwa kawaida huufuata. Mikutano ya namna hii huvunjika kwa sababu zinazojirudia. Aliyeumizwa anaarifiwa siku mbili kabla, hawezi kufika, na mkutano unageuka kikao cha jamaa wa mtoto peke yao. Au mpango unaandikwa kwa maneno ya jumla: “atafanya kazi za jamii na kujirekebisha.” Hakuna anayeweza kusimamia sentensi hiyo. Iandikwe jumla ya saa 40, kila Jumamosi kwa muda wa saa 4, kwa wiki 10, mahali fulani, chini ya fulani, na asipotokea mara mbili shauri linarudi mahakamani tarehe fulani. Pia mtoto asiingizwe kwenye mpango kabla hajakubali kosa kwa hiari yake; anayesema hakutenda ana haki ya kusikilizwa kwanza.

Yabaki makosa mazito kabisa. Ibara ileile ya 37 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inakataza adhabu ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kuachiwa kwa kosa lililotendwa chini ya miaka 18. Marekani, nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia mkataba huo, nayo imesogea: mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliondoa kifo kwa waliotenda kosa wakiwa watoto, 2010 ikaondoa kifungo cha maisha bila kuachiwa kwa makosa yasiyo ya mauaji, 2012 ikakataza kukifanya cha lazima hata kwa mauaji, na 2016 ikasema uamuzi huo unawahusu pia waliokwisha fungwa. Philadelphia ilikuwa na wafungwa wengi wa namna hiyo. Watafiti waliwafuatilia 174 walioachiwa; 2 ndio waliopatikana na hatia ya kosa jipya. Hawakufuatiliwa kwa muda mrefu, na walikuwa wameshazeekea ndani, kwa hiyo takwimu hiyo isibebeshwe mzigo usio wake. Inachoonyesha ni kwamba mtu aliyetenda kosa akiwa na miaka 16 anaweza kupimwa upya, na wapimaji wasikosee sana.

Kwa hiyo kila kifungo kirefu cha mtoto kiwe na tarehe ya mapitio. California, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2014, mapitio huja mwaka wa 15, wa 20 au wa 25 wa kifungo kulingana na adhabu. Kwa maoni yangu ni mbali mno kwa mtoto, na miaka 5 ya kwanza ingetosha kuanzia. Mapitio hayamwachii mtu moja kwa moja. Yanauliza kama bado kuna sababu ya kumshikilia, na jibu linaweza kuwa ndiyo. Kinachoyaua ni foleni ya mafunzo. Magereza huwapa nafasi za kozi wanaokaribia kutoka, mwenye kifungo kirefu anawekwa mwisho wa orodha, kisha siku ya mapitio anaulizwa, “Umejifunza nini miaka yote hii?” Sheria ikiweka mapitio bila kumpa haki ya masomo tangu mwaka wa kwanza, imemwandalia mtihani ambao hakufundishwa. Na tarehe hiyo ikae wapi? Kwenye ile hati ya ukurasa mmoja, kando ya tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kosa na siku za mahabusu. Mbunge atakayeletewa muswada wa marekebisho aufungue kwanza kwenye jedwali la fomu, nyuma kabisa, aone kama nafasi hizo nne zipo.

Kumbukumbu za kosa la utotoni zifungwe na zisisomwe kwenye shauri la ukubwani. Kanuni ya 21 ya Beijing inasema hivyo tangu 1985, na sina la kuongeza.

Ila kwenye suala la faragha, Mhariri, magazeti nayo yana mkono wake. Kuandika “jina limehifadhiwa” kisha kutaja shule, jina la baba, mtaa na kazi ya mama ni kumtaja mtoto kwa njia ndefu. Picha iliyozibwa macho inatambulika na kila anayemjua. Habari ya shauri la mtoto inatimia kwa umri wake wa siku ya kosa, kosa lenyewe, muda aliokaa mahabusu na amri iliyotolewa. Mwandishi akiuliza hayo manne kila anapokwenda mahakamani, hasa la tatu, ambalo ni nadra kuulizwa, makarani nao wataanza kuliandika.

Msomaji wako